Moja ya Kumi na Mbili ya Wakia

Kichwa cha risasi ya kaliba .22, ile ambayo wenye bunduki huiita pointi tuu tuu, kwa kawaida kina uzito wa greni 40. Greni ni kipimo cha kale ambacho bado kimo ndani ya wakia ya dhahabu: wakia moja, ile ambayo bei yake hutangazwa London, ina greni 480. Kichwa kimoja basi ni sehemu moja ya kumi na mbili ya wakia kamili, sawa na gramu 2.6. Mnunuzi wa dhahabu wa Nyarugusu, Geita, aliyezoea kupima vipande vilivyotoka kuchomwa ili kuondoa zebaki, angekiweka kwenye mizani yake ndogo na kusoma tarakimu hizo bila kuhitaji maelezo. Risasi nzima, ganda na kichwa chake, ina urefu wa milimita 25 na unene wa milimita 5.6. Boksi la risasi 50 linafunikika kwa kiganja. Hata hivyo, kitu hiki kidogo kimedumu kwa zaidi ya miaka 130 karibu bila kubadilika umbo, na walenga shabaha wa burudani na wa mashindano wameendelea kukipenda huku risasi nyingine nyingi zikizaliwa na kusahauliwa.

Usukumani na Unyamwezini bunduki si kitu kigeni. Katika karne ya 19 magobore yalipanda kutoka pwani kupitia Unyanyembe, yakibadilishwa kwa pembe za ndovu, na Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, aliwategemea wapiganaji wake, rugaruga, waliobeba silaha hizo. Gobore hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha tambara, kisha gololi au vipande vya chuma, na mwisho fataki mahali pake. Kila mpigaji huwa mpishi wa risasi yake mwenyewe. Akizidisha baruti, bega linaumia na mtutu unaweza kupasuka. Akipunguza, gololi inaanguka kabla ya kufika. Hata mwenye mkono mzoefu hawezi kurudia kipimo kilekile mara 20 mfululizo, na pasipo kurudia hakuna kujifunza, kwa sababu mpigaji aliyekosa hajui kama kosa ni la jicho lake au la baruti yake.

Wakati rugaruga wakishindilia magobore yao, tatizo hilo lilikuwa limeanza kutatuliwa kwingine. Mwaka 1845 fundi wa Paris aitwaye Louis-Nicolas Flobert alichukua fataki na kuipachika gololi ndogo mdomoni, akapata risasi hafifu ya kulengea shabaha ndani ya nyumba. Ilikuwa mchezo wa sebuleni. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ikarefusha ganda, ikaweka baruti ndani yake na kuitengenezea bastola. Risasi inayopigwa leo ilitoka mwaka 1887 katika kiwanda cha J. Stevens cha Chicopee Falls, Massachusetts, ambacho kilichukua ganda la .22 Long lililokuwapo na kulivisha kichwa cha greni 40. Mirambo alikuwa na miaka mitatu tu kaburini.

Siri ya unafuu wake imo kwenye ukingo. Risasi ya SMG au ya .303 hupachikwa fataki katikati ya kitako cha ganda, na fataki hiyo ni kifaa cha pekee chenye kikombe chake. Pointi tuu tuu haina kifaa hicho. Ganda hukandwa kutoka kwenye kipande chembamba cha shaba nyeupe hadi liwe kijaluba kirefu, kitako chake hubinywa kikafanya ukingo wenye uwazi ndani, kisha tone la dawa ya kuwasha hutiwa likiwa bichi. Ikiwa kavu dawa hiyo hulipuka kwa kuguswa vibaya; ikiwa na maji hutulia. Ganda huzungushwa kwa kasi ili dawa isambae na kujaa ukingoni pande zote, halafu hukaushwa, hutiwa baruti na kufungwa kichwa. Pini ya bunduki inapougonga ukingo na kuubana, dawa inashika moto. Zamani dawa hiyo ilitengenezwa kwa zebaki, metali ileile ambayo wachimbaji wadogo wa Nyarugusu huitumia kunasa chembe za dhahabu baada ya karasha kusaga mawe. Viwanda viliacha zebaki miaka mingi iliyopita na kuhamia kwenye misombo mingine, hasa ya madini ya risasi. Migodini bado imo mikononi mwa watu.

Ufundi huo wa ukingo una gharama zake. Shaba lazima iwe nyembamba kiasi cha kubinywa na pini, kwa hiyo ganda haliwezi kuhimili shinikizo kubwa, na risasi hii haitakuwa na nguvu ya raifo kubwa kamwe. Dawa isiposambaa sawasawa, pini hugonga mahali patupu na risasi haitoki. Hapo mlengaji hutakiwa kuuacha mtutu ukielekea kwenye shabaha kwa nusu dakika au zaidi kabla ya kufungua chemba, maana dawa inaweza kuchelewa kuwaka. Tena ganda likishapigwa halijazwi upya; ukingo uliobonyea umekwisha kazi. Wapenzi wa risasi kubwa hulitaja hilo kama kasoro, na kwa hesabu ya shaba wana haki. Kwa hesabu ya mfuko hawana. Risasi isiyo na fataki ya pekee, yenye baruti kidogo na kichwa cha madini laini ya risasi kisichohitaji koti la shaba, hutoka kiwandani kwa bei ambayo karibu hakuna risasi nyingine ya kiwandani inayoikaribia. Anayemudu kupiga risasi 10 za raifo kubwa kwa siku anaweza kupiga boksi zima la pointi tuu tuu na kubakiwa na chenji.

Unafuu peke yake usingetosha. Bunduki kubwa hupiga teke, na teke hufundisha mambo mabaya. Bega hulikumbuka, kabla ya mlipuko misuli hujikaza, jicho hufumba, kidole hukishtua kifyatulio, na mtutu hushuka. Mwanafunzi aliyeanza na bunduki ya namna hiyo hutumia miaka kujiponya woga alioupata siku ya kwanza. Pointi tuu tuu hutoka mtutuni na nishati ya takriban jouli 140, wakati SMG inakaribia 2,000. Bega halina cha kukumbuka. Mlio nao ni mdogo, ingawa bado unadai masikio yazibwe.

Ndipo ufundi wenyewe unapoanza kuonekana. Mlengaji amelala kifudifudi, kitako kimekaa begani, shavu limegusa mbao mahali palepale pa jana. Anavuta pumzi, anatoa nusu, anaacha. Alama ya mbele ya kulengea inacheza kidogo kwa mapigo ya moyo, na wanaojua hawajaribu kuuzuia moyo. Hungoja katikati ya pigo na pigo. Kidole kinaongeza uzito polepole mpaka mlio unamkuta mwenyewe hajautegemea. Kazi haijaisha. Risasi hii ni ya mwendo wa chini, nayo hukaa ndani ya mtutu kwa muda mrefu kuliko ndugu zake wa kasi. Ni sehemu chache tu za elfu ya sekunde, lakini zinatosha kwa bega lililolegea mapema kuisukuma pembeni. Mlengaji mzuri hubaki vilevile baada ya mlio, macho yangali kwenye alama, kana kwamba bado hajapiga. Kosa dogo ambalo teke la bunduki kubwa lingelificha linasomeka hapa kwenye karatasi: tundu moja limejitenga na wenzake kwa sentimita moja, kushoto na chini, na mwalimu anajua ni kidole.

Waingereza waliijua thamani ya jambo hili kwa kushindwa. Katika vita dhidi ya Makaburu, kati ya 1899 na 1902, wakulima wa Afrika Kusini waliwalenga askari wao kwa ustadi uliowatia aibu, na mwaka 1901 kikaanzishwa Uingereza chama cha vilabu vya bunduki ndogo kwa ajili ya wafanyakazi wa mjini, kwa msukumo wa Jemadari Roberts. Kiwanja kikubwa hakikuhitajika. Ukumbi wa kanisa au ghala lilitosha. Jeshi nalo likageuza raifo zake za .303 zikapokea risasi ndogo, ili askari ajifunze kwa bunduki ya uzito uleule bila kuteketeza risasi za vita.

Michezo ikafuata. Katika Olimpiki raifo ya .22 hupigwa kwa umbali wa mita 50, na duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4 tu. Mwaka 1976 mjini Montreal, wanaume na wanawake wakishindana pamoja, Wamarekani Margaret Murdock na Lanny Bassham walilingana kwa pointi 1,162. Dhahabu akapewa Bassham kwa kanuni za kuvunja sare, naye akamvuta Murdock juu ya jukwaa wasimame wote wawili wakati wimbo wa taifa ukipigwa. Miaka miwili baadaye mchezo wa biathloni, unaochanganya mbio za theluji na shabaha, ukaacha raifo kubwa na kuhamia kwenye .22. Afrika Mashariki haikuwa mbali na uwanja huo: Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne mwaka 1956, walenga shabaha walikuwamo. Tanzania kulenga shabaha kumebaki zaidi mikononi mwa vyombo vya ulinzi na usalama, katika michezo ya BAMMATA, baraza la michezo ya majeshi.

Mtu anayetafuta ushahidi kwamba risasi nyepesi inashinda nzito mara nyingi humtaja W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa raifo ya milimita 7 wakati wenzake walibeba mizinga ya begani. Bell alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ajue ubongo ulipo. Mfano huu hutumiwa vibaya. Risasi yake, japo nyepesi kwa kuwinda ndovu, ilikuwa na uzito wa zaidi ya mara nne ya kichwa cha pointi tuu tuu na kasi kubwa zaidi, na alichothibitisha ni umuhimu wa mahali inapotua. Kwa mnyama mkubwa .22 ni ukatili, maana hujeruhi na kumwacha aende kufa porini. Inafaa kwa kanga, kwale na sungura, pale sheria inaporuhusu. Tanzania uwindaji ni wa kibali na silaha ni ya leseni, chini ya sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Wala udogo usimdanganye mtu. Ikipigwa juu, risasi hii inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, umbali unaotosha kuvuka kijiji na mashamba yake, na huko iendako bado inaua.

Kwenye karatasi ya mita 50, anayetaka zaidi ya burudani hukutana na undani mwingine. Risasi za kawaida za .22 zenye kasi kubwa huvuka kasi ya sauti zinapotoka, kisha hurudi chini yake njiani, na mpito huo huziyumbisha. Za mashindano hutengenezwa ziende kama mita 320 hadi 330 kwa sekunde, zisivuke kabisa. Joto husaidia: katika nyuzi 15 sauti huenda mita 340 kwa sekunde, katika nyuzi 30 huenda karibu 349, kwa hiyo mchana wa Geita unaipa risasi hiyo nafasi zaidi kuliko baridi ya Ulaya. Vumbi halisaidii. Kichwa hupakwa nta au grisi kwa nje, na boksi likiachwa wazi kwenye barabara nyekundu ya kiangazi kila kichwa hubeba punje za mchanga hadi ndani ya mtutu.

Halafu kuna suala la fungu. Risasi zilizotengenezwa siku moja kwa mashine moja hupewa namba, na mtutu mmoja unaweza kulipenda fungu hili na kulikataa la pili kutoka kiwanda kilekile, kwa sababu ambazo mafundi wenyewe hubishana. Ndiyo maana viwanda kama Eley cha Birmingham hupokea wateja na bunduki zao: mtutu hufungwa imara kwenye kifaa, hujaribiwa fungu baada ya fungu, na matundu hupimwa. Mlengaji akiliona linalopiga matundu yote ndani ya duara moja dogo, hununua yote anayoweza, maana likiisha halitengenezwi tena.