Kufuli Haitoshi: Neno Juu ya Faragha

Mwaka 1993 Mmarekani Eric Hughes aliandika tamko fupi liitwalo A Cypherpunk's Manifesto. Ndani yake alitenganisha mambo mawili tunayoyachanganya kila siku. Siri ni jambo usilotaka mtu yeyote alijue; faragha ni uwezo wa kuchagua nani ajue nini kukuhusu. Kwa hilo peke yake tamko lastahili kusomwa na Wakristo. Bwana Yesu alitufundisha kufunga mlango tunapoomba (Mathayo 6:6), wala si kwa sababu tuna uovu wa kuficha.

Hughes alisema pia kwamba serikali na makampuni makubwa hayatatupa faragha kwa hisani. Lazima watu waijenge wenyewe, kwa hesabu za kuufumba ujumbe. Hapo aliona mbali. Mwaka 2013 Edward Snowden alifichua jinsi serikali ya Marekani ilivyokusanya mawasiliano ya watu wengi. Mwaka 2016 WhatsApp ilikamilisha kuufumba ujumbe wa watumiaji wake wote, usisomeke njiani. Kufuli iliyokuwa ya wataalamu sasa imo katika simu ya mama muuza mboga.

Hata hivyo, hapa ndipo tamko linapopungukiwa. Kufuli huulinda ujumbe njiani. Haimlindi mtu na yule aliyeupokea. Dada anaandika matokeo ya vipimo vyake katika kundi la maombi ili aombewe. Kabla ya jioni habari imefika makundi mengine matatu, na kila mahali imetanguliwa na neno "tumwombee". Hakuna mdukuzi aliyeingia. Tuliomvua nguo ni sisi, tena kwa lugha ya ibada.

Sheria za kulinda taarifa binafsi zimetungwa, Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Ni njema, lakini mara nyingi sheria huja baada ya jeraha. Mithali 11:13 yadai zaidi: mtu mwaminifu husitiri. Kusitiri ni kazi ya moyo, na hakuna programu iwezayo kuifanya kwa niaba yetu.

Basi, wapendwa, kabla ya kusambaza ombi la mwenzetu, tumwulize kwanza. Asiporidhia, tumtaje mbele za Mungu tu, ambaye hahitaji kutumiwa ujumbe ili ajue.