Watu wa Zahanati

Mgonjwa wa kijijini haulizi bingwa yuko wapi; anakwenda zahanati. Nchini Tanzania ngazi ya rufaa inaanzia hapo, ikipanda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda, hadi hospitali ya taifa ya Muhimbili. Watumishi wa zahanati mara nyingi ni wachache, na kila mmoja hushika kazi ya mwenzake. Muuguzi aliyekesha akizalisha ndiye huyo huyo asubuhi anayesoma kipimajoto cha jokofu la chanjo, maana joto likipanda juu ya nyuzi 8 au likishuka chini ya 2, dozi zinaweza kuharibika. Anaandika. Kisha anamchoma kidole mtoto mwenye homa, anadondosha damu kwenye kipimo cha malaria, na huku akisubiri majibu anampima mjamzito presha. Mwisho wa mwezi vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, lazima vijumlishwe, foleni iwepo isiwepo.

Lakini kazi ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kumtambua asiyepaswa kusubiri: mama huyu aandikiwe rufaa sasa hivi, gari liitwe. Hospitali kubwa husifiwa kwa kumwokoa; aliyemwona kwanza tunamsahau. Ukipita zahanati ya kwenu, ingia umshukuru.