Bomba la kuvuta vumbi, lipime kwa ndani

Seremala akinunua mashine ya kuvuta vumbi, huuliza nguvu za mota na ukubwa wa mfuko. Mabomba humwachia fundi yeyote atakayepatikana, na hapo ndipo fedha hupotea. Feni nzuri kwenye bomba baya huokota maranda na kuacha hewani vumbi laini, ambalo ndilo linaloua. Tangu 1995 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, hasa ya pua.

Anza na unene. Bati la geji 30, kama la kuezekea, ni rahisi, lakini matawi yote yakifungwa huku feni inazunguka, linaweza kufyonzwa likabonyea. Mimi nachukua bati la zinki la geji 24. Namba ikishuka, unene unaongezeka. Likandamize kwa kidole gumba katikati: likibonyea kisha likarudi kwa mlio, liache.

Halafu ingiza mkono ndani. Ukikuta ncha za skrubu, rudisha. Ncha moja hunasa uzi mrefu wa mninga, uzi hunasa mwenzake, na mwisho bomba linaziba. Fundi bati wa Gerezani au Kamukunji anajua kupiga riveti fupi. Mwambie tu mapema. Kwenye viungo, kipande cha upande wa msumeno ndicho kiingie ndani ya kile kinachoelekea kwenye feni, ili maranda yasikutane na ukingo.

Kona ipinde polepole, na matawi yaingie kwa mshazari wa digrii 45 au 30. Tii ya maji taka haifai kabisa.

Upana unadanganya wengi. Vumbi la mbao huhitaji hewa iendayo kama mita 20 kwa sekunde ili lisitue njiani. Bomba la inchi 4 litadai kama mita za ujazo 580 kwa saa. La inchi 6, kama 1,300. Feni ndogo kwenye bomba pana hulaza maranda humo, na maranda yaliyolala ni kuni zinazosubiri cheche. Kwa hiyo usiunganishe jiwe la kunolea chuma na bomba hilo, hata kwa siku moja.

Sasa PVC. Ni laini ndani, haivuji, bei yake nafuu, na katika karakana ya mtu mmoja mlipuko ndani ya bomba ni nadra. Hata hivyo naikataa. Plastiki haipitishi umeme; vumbi likiisugua, chaji hubaki pale pale ukutani, na waya wa shaba uliozungushwa nje huondoa ya karibu yake tu. Chuma huipeleka yote ardhini, mradi kisikatike popote. Silikoni na mpira kwenye viungo huweza kukata njia hiyo, basi vusha kipande cha waya juu ya kila kiungo, chuma hadi chuma. Bomba la mikunjo liwe fupi kadiri iwezekanavyo, kwa kuwa mikunjo hula nguvu ya feni. Waya wake wa ndani umenywe na kukazwa kwenye chuma pande zote mbili.

Kabla ya kumlipa fundi, shika multimita: ncha moja kwenye tawi la mbali kabisa, nyingine kwenye waya wa ethi. Isiposoma karibu na sifuri, kazi haijaisha.