Sauti ya mpishi Owuor na deni letu kwa waigizaji

Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi wangu wa fasihi swali jepesi: Mzee Ojwang' alikuwa nani? Darasa likachangamka. Mmoja akasimama akaiga mwendo wake, mwingine akaiga lafudhi yake, kicheko kikatanda. Haya, na jina lake halisi? Kimya. Hatimaye sauti moja ya nyuma ikasema, "Prof, si ni Ojwang' tu?"

La hasha. Alikuwa Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015 baada ya miaka mingi ya kutuvunja mbavu katika Vitimbi. Alikuwa Mkikuyu aliyeazima lafudhi ya Kijaluo, akaivaa ikamkaa sawasawa, hata watazamaji wengi wakaapa kwamba kwao ni Nyanza. Mwigizaji akifichwa na mhusika wake kiasi hicho, ni sifa kwake. Lakini mhakiki naye akishindwa kumwona mwigizaji nyuma ya mhusika, hiyo si sifa. Ni uzembe, na mimi nimo katika kundi hilo.

Ndiyo maana leo nataka kumzungumzia mwigizaji ambaye wengi wetu hatukumjua hata kwa jina la mhusika wake. Anaitwa Sidede Onyulo. Alifariki mwaka 2008. Katika filamu ya Kijerumani ya mwaka 2001, Nirgendwo in Afrika, iliyoelekezwa na Caroline Link na kupigwa hapa Kenya, aliigiza Owuor, mpishi wa familia ya Wayahudi waliokimbia utawala wa Hitler. Filamu hiyo, iliyotokana na riwaya ya Stefanie Zweig, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2003. Lugha hiyo ya kigeni iliandikishwa kuwa Kijerumani. Hata hivyo, yeyote aliyeitazama anajua kwamba ndani yake mnasikika Kiswahili kingi, na kwamba nguzo ya Kiswahili hicho ni Owuor.

Sasa, ni Kiswahili gani? Hapo ndipo penye utamu kwa sisi wanalugha. Katika mashamba ya walowezi kulikuwa na Kiswahili kilichopewa jina la Kisetla. Kilikuwa Kiswahili cha amri: lete, toa, fanya, upesi. Upatanisho wa kisarufi ulitupwa nje, adabu nayo ikafuata. Hakikuwa na "tafadhali" wala "hujambo", kwa sababu aliyekitumia hakudhamiria mazungumzo. Msamiati wake ulikuwa wa bwana na memsaab upande mmoja, na "boi" upande wa pili, hata kama boi huyo alikuwa babu mwenye mvi. Owuor wa hadithi anafanya kazi katika nyumba ambayo lugha hiyo ndiyo desturi ya mazingira yake. Kwa maandishi matupu, sehemu yake ingeweza kabisa kuwa ya mpishi wa kawaida wa filamu za kikoloni: anaingia na sinia, anasema "ndiyo bwana", anatoka.

Onyulo hakukubali hivyo. Anachukua maneno yale yale machache na kuyageuza kuwa lugha ya kufundisha. Hasemi upesi upesi. Anatamka neno, anangoja, anatazama kama limefika, kisha analirudia bila kudharau. Binti wa familia, Regina, analidaka mara moja, na kupitia kwake tunaona lugha ikiingia katika nyumba hiyo kama jua la asubuhi kupitia dirishani. Mama yake, Jettel, anapinga. Mwanzoni anamwambia Owuor kwamba akitaka kuzungumza naye basi ajifunze Kijerumani. Ebu fikiria: mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya kubaguliwa, naye anambagua mwenyeji wake kwa lugha! Mwigizaji dhaifu angejibu kwa hasira au kwa unyonge. Onyulo anabaki na utulivu wa mtu mzima anayemvumilia mgeni ambaye bado hajaelewa alipofika. Kuanzia hapo tunajua nani ni mwalimu na nani ni mwanafunzi katika nyumba ile, ingawa mshahara unatoka upande mwingine.

Tazama pia suala la lafudhi. Owuor ni Mjaluo. Katika vichekesho vyetu vya runinga, lafudhi ya Kijaluo, kama ile ya Kiluhya au ya Kikalenjin, ni kengele ya kuwaambia watazamaji wacheke. Wanjau aliitumia kengele hiyo kwa ustadi mkubwa, nami nilicheka kama wengine. Lakini Onyulo anatuonyesha njia nyingine. Owuor wake anazungumza Kiswahili cha mtu wa bara, na hakuna anayealikwa kukicheka. Ni lugha ya mtu mwenye heshima zake. Waswahili wa Pwani wanaweza kulalamika kwamba si Kiswahili sanifu. Sawa. Lakini ni Kiswahili kilichobeba utu, na utu haufuati ngeli.

Sisemi kwamba filamu hii haina doa. Hadithi ni ya familia ya Redlich, na karibu kila mara tunamwona Owuor kwa macho yao. Walter, baba mwenye nyumba, aliyekuwa wakili kwao, anampa Owuor joho lake la uwakili. Ni tukio la kugusa moyo, lakini linatuacha na swali: joho lina historia, je, aliyepewa hana? Anaowaacha nyumbani kwao Owuor, mashamba yake, ndoto zake, vyote vinabaki nje ya fremu. Mwandishi hakumpa Owuor hayo yote. Kile kidogo tunachokihisi tunakihisi usoni na sautini mwa Onyulo. Kwa hivyo uhakiki unaoishia kwenye maandishi hauwezi kueleza kwa nini mhusika huyu anasalia akilini baada ya taa kuwashwa.

Kupuuzwa kwa waigizaji wetu hakukuanza jana. Mwaka 1950 Hollywood ilitoa King Solomon's Mines, iliyopigwa katika nchi zetu za Afrika Mashariki na Kongo. Umbopa, mfalme aliyejificha katika sura ya mpagazi, aliigizwa na mtu aliyetambulishwa kwa jina moja tu: Siriaque. Aliyeigiza Khiva akaandikwa Kimursi, basi. Nyota wa filamu, Stewart Granger na Deborah Kerr, walipewa majina yao kamili. Siriaque aliigiza mfalme, lakini hakupewa hata jina la baba yake. Hapo tunaweza kuwalaumu Wamarekani wa enzi hizo. Je, Onyulo, ambaye jina lake liliandikwa kamili, tumlaumu nani kwamba hakumbukwi kwao?

Jibu halihitaji darubini. Uhakiki wetu wa Kiswahili umelewa karatasi. Kigogo ikitahiniwa, kila mwanafunzi alimjua Pauline Kea; Bembea ya Maisha ilipofuata, wakamjua Timothy Arege. Ni vyema, na wanastahili. Lakini wanafunzi hao hao walikusanywa katika kumbi za shule kutazama vijana wa vikundi vya uigizaji wakizuru kaunti baada ya kaunti, wakilala kwenye matatu, wakiigiza tamthilia hizo mara mbili au tatu kwa siku. Wengi walielewa mgogoro wa tamthilia siku hiyo ukumbini, si walipokuwa wakisoma dondoo. Ni nani kati yetu aliyewahi kumuuliza mwanafunzi: nani aliyeigiza, na aliufanyaje mstari huu uelewe kuliko mwalimu wako?

Nimesimamia tasnifu nyingi kuhusu tamthilia. Maudhui, wahusika, mbinu za lugha, nadharia za kila rangi. Hakuna hata moja iliyomhoji mwigizaji. Naandika hili kama kukiri kosa. Kuanzia muhula ujao, kila mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho atamtafuta mwigizaji, mpiga kamera au fundi wa sauti mmoja aliye hai, amrekodi, aandike jina lake kamili, na aeleze kazi yake kwa Kiswahili. Si kazi ya gharama. Simu ya mkononi inatosha, na nauli.

Onyulo hatuwezi tena kumuuliza aliupata wapi ule utulivu. Fursa hiyo tuliikalia. Wapo wengine, wazee kwa vijana, katika mitaa tunayoishi. Tuwaulize wangali na sauti.