Drafti ya Burberry: kutoka bitana hadi kofia, na safari ya kurudi

Mwaka 2006, Angela Ahrendts alipoingia Burberry kuwa ofisa mtendaji mkuu, aliwakutanisha mameneja zaidi ya 60 kutoka nchi mbalimbali. Nje kulikuwa na ubaridi na manyunyu ya Uingereza, hali ya hewa ileile ambayo koti la kampuni lilibuniwa kuikabili. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amelivaa, ingawa wafanyakazi waliuziwa kwa bei ya chini. Ahrendts mwenyewe ndiye aliyeisimulia habari hiyo baadaye.

Koti hilo lina historia nzito. Thomas Burberry alifungua duka mjini Basingstoke mwaka 1856, na mwaka 1879 akabuni kitambaa cha gabadini. Ufundi wake ulikuwa katika mpangilio wa kazi: uzi ulitiwa dawa ya kuzuia maji kwanza, ndipo ukafumwa kwa kubanwa sana. Mvua ikazuiwa na jasho likapata pa kutokea, jambo ambalo makoti ya mpira ya enzi zile hayakuliweza. Drafti maarufu ya rangi ya ngamia ilikuja miaka ya 1920, tena kama bitana. Ilikaa ndani, na aliyeiona ni yule aliyefungua vifungo.

Matatizo yalianza ilipotolewa nje. Kampuni zilizopewa leseni ziliibandika kila mahali, hadi kwenye kamba za kufungia mbwa. Kofia za drafti zikawa vazi la wakorofi wa viwanja vya mpira Uingereza, na mwaka 2004 Burberry ikaacha kuziuza. Wengi huwalaumu mashabiki wale. Mimi nawaona kama wateja waliouziwa walichoonyeshwa. Aliyeitawanya alama ni mwenye alama.

Ahrendts alinunua tena leseni 23, na kila ubunifu ukalazimika kupita mikononi mwa mbunifu mkuu, Christopher Bailey. Drafti ikafichwa, ikabaki kwenye sehemu isiyofika asilimia 10 ya bidhaa, na koti likawekwa mbele ya kila kitu. Huko Japani walisubiri: leseni ya kampuni ya mavazi ya Sanyo Shokai, iliyokuwa ikiingiza fedha kwa miongo mingi, iliachwa ikaisha mwaka 2015. Kukataa mapato ya uhakika ili jina lishikwe na mkono mmoja si jambo dogo kwa kampuni yenye wanahisa. Lakini hesabu hiyo ilikuwa na upande mchungu. Mwaka 2007 kiwanda cha Treorchy, Wales, kilichoshona fulana za polo, kilifungwa na takriban watu 300 wakapoteza kazi, wakati kampuni ikiuza sifa yake ya Uingereza kwa dunia nzima.

Kosa la pili lilikuwa kinyume cha la kwanza. Kuanzia mwaka 2017, chini ya ofisa mtendaji mkuu Marco Gobbetti na kisha aliyemfuata, Burberry ilitaka kupanda ngazi ikae na vigogo wa Paris, na bei za mikoba zikapanda nayo. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2018 iliharibu bidhaa za pauni milioni 28.6 ili zisiuzwe kwa bei ya kutupa. Baada ya kelele za watu iliacha desturi hiyo. Tatizo ni kwamba mteja aliyekubali kulipa pesa nyingi kwa koti hakuiona Burberry kuwa nyumba ya mikoba. Mwaka 2024 gawio lilisitishwa, na Septemba kampuni ikatolewa kwenye FTSE 100, orodha ya kampuni kubwa za soko la hisa la London.

Joshua Schulman, aliyeingia kama ofisa mtendaji mkuu Julai mwaka huo, alirudi kwenye makoti na skafu, akashusha bei za mikoba. Naona yuko sahihi, kwa sababu huko ndiko Burberry ina sauti ya kupanga bei. Septemba 2025 ikarudi FTSE 100.

Cha kupima sasa ni wingi. Mwaka 2025 kampuni ilipendekeza kufuta zamu ya usiku katika kiwanda cha Castleford, Uingereza, kinachoshona makoti hayohayo, ikieleza kuwa uwezo wa uzalishaji umezidi mahitaji. Kwa wafanyakazi ni pigo. Kwa chapa ni hesabu ya lazima: koti lililozidi huishia kwenye duka la bei punguzo, na mteja aliyelikuta huko hatalipa tena bei kamili London.