Programu ya Mtandao wa Chuo Inapoua RStudio, Usikubali Haraka Kufomati

Kuna sharti ambalo huenda unalijua: ukitaka kutumia mtandao wa chuo, kwanza sakinisha programu fulani kwenye laptopu yako. Inakagua kama Windows imesasishwa na kama una kinga ya virusi, ndipo inakufungulia mlango. Sawa. Siku mbili baadaye unafungua RStudio, unapata ukurasa mweupe. Jupyter inazunguka tu. Programu nyingine inajifunga yenyewe hata kabla hujabonyeza kitu. Ukiuliza unaambiwa laptopu yako imechoka, ifomati. Fundi wa mtaani naye atakwambia hivyo hivyo, tena kwa hela.

Jibu hilo nalipinga. Halilingani na jinsi kompyuta inavyofanya kazi, na gharama yake inamwangukia mwenye tasnifu, mara nyingi yule ambaye laptopu yake ndiyo pekee na bumu limeshaisha.

Tuwatendee haki kwanza wenye mtandao. Tarehe 11 Agosti 2003 kirusi cha aina ya mnyoo kiitwacho Blaster kilianza kusambaa kwenye Windows XP na Windows 2000. Hakikuhitaji mtu abonyeze chochote, kilijipenyeza chenyewe. Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka tangu 16 Julai, lakini wengi hawakuwa wamekiweka. Kompyuta iliyoambukizwa ilihesabu sekunde 60 kisha ikajizima na kujiwasha upya. Mwisho wa Agosti hiyo hiyo wanafunzi wa Marekani wakaanza kurudi mabwenini, kila mtu na kompyuta yake, wakazichomeka zote kwenye mtandao mmoja. Ukiwa msimamizi wa mtandao umepitia hayo, lazima utataka kukagua kila anayeingia.

Ukaguzi wenyewe sina ugomvi nao. Ninachokikosoa ni mahali mkaguzi anapokaa.

Chukulia askari wa usalama barabarani ambaye, badala ya kusimama kituoni, anapanda kila daladala na kukaa mapajani mwa dereva. Daladala ikipinduka, namba inayoandikwa kwenye ripoti ni ya daladala. Kwenye Windows ilikuwepo njia ya kufanya hivyo hasa, inaitwa LSP: kipande cha msimbo kinachojiweka kati ya programu na mtandao, na kinapakiwa ndani ya kila programu inayogusa mtandao. Kikiwa na dosari, kinachokufa mbele ya macho yako ni kivinjari au programu ya takwimu, na jina lake ndilo linatokea kwenye ujumbe wa hitilafu. Tena Windows ya biti 64 ina orodha mbili za vipande hivi, moja ya programu za biti 32 na nyingine ya biti 64. Ndiyo maana unaweza kukuta kivinjari kipya kinapeta huku programu ya zamani ya maabara inakata roho. Mtu asiyejua hilo ataapa kwamba tatizo ni la ile programu ya zamani.

Microsoft yenyewe ilishaacha kupendekeza LSP. Tangu Vista kuna mfumo rasmi wa kuchuja mawasiliano, nao hutumia madereva yanayokaa kwenye kiini cha Windows. Huko nako si salama sana. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike liliangusha kompyuta ambazo Microsoft ilikadiria kuwa milioni 8.5. Haikuwa programu ya vyuo, lakini ilikaa huko huko kwenye kiini.

Sasa swali ambalo watu huniuliza: RStudio inahusika vipi na mtandao, wakati nafanya regresheni kwenye faili lililo mezani kwangu? Inahusika sana. Dirisha unaloliona na injini ya R inayokokotoa ni programu mbili tofauti, zinaongea kupitia anwani 127.0.0.1, yaani kompyuta inajipigia simu yenyewe. Jupyter ndiyo kabisa: ni seva ndogo ndani ya laptopu yako, na kivinjari chako ni mteja wake. Mkaguzi akiamua kusikiliza au kuzuia simu hizo za ndani, dirisha linabaki jeupe. Hakuna kilichoharibika kwenye R.

Kuna na aina ya tatu, nayo haiui programu bali inaitia kilema. Baadhi ya wakaguzi hufungua mawasiliano yaliyofichwa ili wayasome, kisha huyafunga upya kwa cheti chao. Windows imeambiwa ikiamini cheti hicho. Lakini maktaba ya requests ya Python hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti, inakataa, unapata CERTIFICATE_VERIFY_FAILED. Halafu rafiki anakushauri uzime uhakiki wa vyeti. Jamani, usizime. Hapo programu ya usalama itakuwa imekufanya uwe bila usalama.

Utajuaje kama mkosaji ni huyo? Nakili kazi zako kwenye flashi kwanza. Fungua Event Viewer, tafuta saa ambayo programu ilijifunga, usome mstari wa "Faulting module name" badala ya jina la programu tu. Ukikuta faili la yule mkaguzi, umeshinda kesi. Ukikuta ntdll.dll usihukumu bado, hilo ni faili la Windows ambalo hutajwa katika ajali za kila aina. Hapo fanya jaribio kama la maabara: iondoe programu ya chuo, washa upya, jaribu. Irudishe, washa upya, jaribu tena. Hitilafu ikiondoka na kurudi pamoja nayo, na ukarudia ukapata vile vile, huo ni ushahidi.

Kuhamia data ya simu hakupimi chochote. Wengi hujaribu hivyo, wakiona programu bado inakufa wanasema "basi siyo mambo ya chuo". Mkaguzi bado yumo ndani ya laptopu, hata ukitumia mtandao wa mtu mwingine.

Kama ni LSP, amri ya netsh winsock show catalog itakuonyesha orodha, na netsh winsock reset itairudisha ilivyokuwa mwanzo. Ya pili inataka haki za msimamizi na kuwasha upya, na huenda programu ya chuo ikahitaji kusakinishwa tena. Usiifanye usiku wa kuwasilisha kazi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba njia nyingine ipo. eduroam hutumia 802.1X, ambayo tayari imo ndani ya Windows, macOS na Android. Unaweka jina na nywila, mtandao unakutambua, hakuna mgeni anayekaa ndani ya programu zako. Kwetu hapa inapatikana kupitia TERNET Tanzania, KENET Kenya na RENU Uganda. Ni kweli haikagui viraka. Lakini Blaster ilipitia mlango wa TCP 135, na mlango huo mtandao wenyewe unaweza kuufunga kati ya laptopu na laptopu bila kugusa hata moja.

Chuo kikiona bado lazima, basi angalau kichapishe toleo la programu, inagongana na nini, na jinsi ya kuiondoa yote. Miongozo mingi niliyoisoma ina picha kumi za kubonyeza "endelea" na haina hata sentensi moja ya kuondoa.

Ukiwaandikia, usiseme laptopu haifanyi kazi. Bandika mstari wa moduli, saa ya tukio, toleo la programu yao, na matokeo ya kuondoa na kurudisha mara mbili. Mwekee nakala msimamizi wako wa utafiti.