Mzigo na Aliyeubeba: Vitabu kwa Msomaji wa Kijijini

Msomaji akaaye kijijini hasomi kama asomavyo mwenziwe wa mjini. Wa mjini hukiacha kitabu kisichomfaa akatwaa kingine. Wa kijijini hukisoma kitabu kile kile mara tatu, kisha humwazima jirani, na kikirudi hukuta kurasa zimeingia mawese. Kwa hiyo, kwetu sisi wa Ilagala, kupendekeza kitabu si jambo la mzaha. Ampendekezeaye mwenziwe kitabu kibaya amemnyima chakula cha mwaka mzima.

Nimeyaandika haya kwa ajili ya swali la mpwa wangu, kijana aliyemaliza shule na sasa anavua dagaa. Aliniuliza: "Mjomba, katika misafara ile ya zamani, sisi tulikuwa wenye mali, au tulikuwa wabeba mali?" Sikuwa na jibu la upesi. Katika mwambao huu, toka Ujiji hata mahali Mto Malagarasi unapomwagika ziwani, wako wazee ambao ukiwauliza asili yao ya ng'ambo huyageuza mazungumzo yakawa ya mvua na mihogo. Aibu hiyo haikuwa yao kamwe, lakini imewafunga vinywa. Niliona heri nimjibu kijana kwa vitabu.

Shuleni alikwisha kufundishwa kwamba Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, na kwamba Stanley alimkuta Livingstone papo hapo mwaka 1871. Hayo ni kweli. Lakini wageni hao walipita njia iliyokwisha kukanyagwa na nyayo za wapagazi, waliochukua pembe za ndovu mabegani mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 hata pwani. Historia iwatajayo wageni wawili watatu na kuwasahau maelfu waliowatangulia ni historia yenye kichwa pasipo miguu.

Kitabu cha kwanza nilichompa ni *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip*, aliyoyasimulia mwenyewe kabla ya kufariki Unguja mwaka 1905. Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, na mwishoni mwa miaka ya 1950 W. H. Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kwa lugha, sijaona nathari ya Kiswahili iliyo nyepesi kuliko hii. Sentensi ni fupi, vitendo vinafuatana kama watu katika msafara, wala msimulizi hajipambi. Jinsi alivyomwaminisha mzee Kasongo Rushie wa Utetera kwamba wao ni ndugu, hata akakabidhiwa utawala, ni kisa ambacho mtunzi yeyote wa riwaya angekionea wivu.

Hata hivyo, nilimwonya kijana asome kwa macho mawili. Pembe katika kitabu hiki zinahesabiwa kwa frasila, na bei yake inakumbukwa vyema. Mpagazi hahesabiwi ila anapotoroka. Mwandishi anasimulia bila haya jinsi wapagazi wake walivyomkimbia, naye akaenda kukamata watu vijijini na kuwatia minyororo, hata akaitwa Kingugwa, yaani chui. Hilo analitaja kama sifa. Anayetaka kujua uchungu wa mnyororo hataupata hapa, kwa maana msimulizi alishika upande wa pili wa mnyororo huo.

Upande wa waliofungwa unapatikana katika *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Mwandishi alikuwa mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, na anaeleza habari za watu waliotekwa bara, wakatiwa jahazini, wakaokolewa na manowari za Kiingereza na kukaa Frere Town karibu na Mombasa. Kilio chake ni cha kweli. Kasoro yake ni shukrani isiyo na kikomo. Anamsifu mkombozi hata anasahau kumwuliza kwa nini, baada ya kuwafungua watu minyororo, aliitwaa nchi yao. Kisomwe, lakini kisisomwe peke yake.

Baada ya hapo nilimwazima *Kuli*, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1979. Msomaji atasema, bandari ya Unguja na ziwa letu wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba mzigo ni ule ule. Rashidi, mtoto wa kuli, anarithi mzigo wa babaye, ila mwishowe wachukuzi wanaweka mizigo chini kwa pamoja katika mgomo wa mwaka 1948. Zipo kurasa ambazo mtunzi anahutubia zaidi kuliko anavyosimulia, na mabwana wake ni wabaya mno hata hawana uso wa kibinadamu. Lakini kijana alinirudishia kitabu baada ya siku nne, naye si mtu wa kusoma haraka.

Kinachokaribia zaidi swali lake ni *Peponi* cha Abdulrazak Gurnah, mshindi wa tuzo ya Nobel ya fasihi ya mwaka 2021. Kiliandikwa kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akakitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2022. Yusufu amewekwa rehani kwa deni la babaye. Si mtumwa, wala si mwungwana kamili. Anafuatana na msafara hadi ng'ambo ya ziwa, na huko mtawala Chatu anawakabili wafanyabiashara kwa mabaya waliyotendewa watu wake. Hapo ndipo nilipoinua kichwa. Hatimaye mwenye nchi naye amepewa zamu ya kusema, ingawa zamu yenyewe ni fupi, na watu wa bara wanaonekana kwa macho ya pwani karibu safari nzima.

Cha mwisho ni *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe, na kikachapwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Hakina msafara wala bunduki kubwa, bali mume na mke wanaopendana na kutafuta mtoto, pamoja na shamba, pombe na ziwa. Ni kirefu, na mwenye haraka atachoka. Lakini kinatuonyesha kwamba kabla ya kuwa wapagazi wa mtu tulikuwa watu, wenye adabu zetu na vicheko vyetu.

Sasa namjibu mpwa wangu: tulikuwa pande zote mbili, na wengine walivuka toka upande mmoja kwenda wa pili katika maisha yao. Usilionee haya hilo. Walakini kitabu kinachosimuliwa na mpagazi mwenyewe wa mwambao huu sijakipata cha kukuazima. Wazee wachache bado wanakumbuka waliyosimuliwa na babu zao. Usiku usiokuwa wa kuvua, chukua daftari uende ukaketi nao, na wakianza habari za mvua, wasubiri.